Je, Wajua? Kiraka Kibaya Huzamisha Chombo

Mtumbwi wa mbao ukichakaa, watu husema bahari imeula. Mara nyingi bahari husingiziwa. Waulize mafundi wa vyombo na wataalamu wa makumbusho, watakwambia kuwa madhara makubwa ya chombo kikongwe huletwa na mtu aliyekuja kukiokoa: aliyeziba ufa kwa kitu kigumu mno, aliyepigilia msumari usiofaa, au aliyepaka dawa asiyojua itafanya nini miaka 50 baadaye. Haya hapa baadhi ya makosa hayo na namna yalivyorekebishwa, tangu mtumbwi wa gogo hadi merikebu ya mfalme.

1. Ubao hautanuki sawa pande zote

Ubao ukinywa maji hutanuka, ukikauka husinyaa, uwe umekatwa juzi au miaka 100 iliyopita. Ila kwa urefu wa nyuzi zake haubadiliki karibu hata kidogo. Mabadiliko yote yako kwenye upana: miti mingi ikitoka ubichi hadi ukavu kabisa husinyaa kwa asilimia 6 hadi 10 ukifuata mzunguko wa gogo, na karibu nusu ya kiasi hicho ukipima kutoka kiini kwenda ganda. Ndiyo maana gogo lililoachwa juani hupasuka kwa urefu, na ufa wa mtumbwi mara nyingi huanzia omoni au tezini, mahali ambapo nyuzi zimekatwa na unyevu hutoka upesi. Wavuvi wanaofunika mitumbwi yao kwa makuti wakishaipandisha pwani wanajua wanachofanya. Wanalizuia jua lisikaushe upande mmoja haraka kuliko mwingine.

2. Kiraka kigumu huzaa ufa wa pili

Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Mtumbwi umekaa nchi kavu msimu mzima, ufa umefunguka kiasi cha kupitisha ncha ya kisu. Fundi mwenye haraka anaujaza gundi inayoganda kama jiwe, anapiga msasa, anapaka rangi, kazi imekwisha na inapendeza macho. Chombo kinashushwa majini. Ubao unakunywa maji na kutaka kurudi kwenye upana wake wa zamani, unakuta nafasi imeshachukuliwa. Hauna pa kwenda, hivyo nyuzi zilizo kandokando ya kiraka zinajiponda zenyewe. Nyuzi zikishapondeka hazirudi. Siku mtumbwi utakapokauka tena, ufa utafunguka pembeni mwa kile kiraka, na utakuwa mpana kuliko ule wa mwanzo.

Tiba yake huanza na subira. Mtumbwi hufunikwa kwa magunia mabichi siku kadhaa, ubao unywe polepole, kisha ndipo fundi aangalie ufa uliobaki. Mara nyingi hukuta nusu ya nyufa alizotaka kuziba zimejifunga zenyewe. Zilizobaki huzibwa kwa kitu kinachokubali kubanwa, au kwa kipande cha mti uleule, nyuzi zake zikielekea upande mmoja na nyuzi za mtumbwi.

3. Kuvuja siku ya kwanza si ugonjwa

Chombo cha mbao zilizoungwa kikikaa sana nchi kavu, kikishushwa kitavuja, pengine kwa fujo. Mwenyewe akiwa mgeni hushtuka na kutaka maungio yapigiliwe pamba zaidi palepale. Fundi mzoefu hukiacha kwenye maji ya kina kifupi siku moja au mbili, watu wakikumba maji, mpaka mbao zitanuke na maungio yajifunge. Aliyejaza pamba kupita kiasi wakati mbao zimekauka hujuta baadaye: mbao zikitanuka, na pamba nayo imejaa, ule msukumo unaweza kung'oa misumari na kuubandua ubao kutoka kwenye mataruma.

4. Kalafati ina kipimo chake

Katika pwani ya Afrika Mashariki, kupiga kalafati ni kusukumiza pamba iliyosokotwa ndani ya maungio kwa patasi butu na nyundo, kisha kupaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, kwenye sehemu inayozama. Sehemu za juu hupakwa sifa, mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika. Pamba ikiwa kidogo, maji yanapita. Ikizidi, ubao unasukumwa. Fundi husikiliza zaidi kuliko anavyoangalia. Nyundo ikitoa mlio mzito, pamba bado inaingia; mlio ukiwa mkavu na mkali, imetosha, na pigo moja la ziada ni hasara.

5. Adui anayekula ndani akiacha nje pazuri

Mdudu anayetoboa mbao baharini, ambaye wanasayansi humwita teredo, kwa umbo anafanana na mnyoo lakini ni jamaa ya chaza na kome. Huingia akiwa mchanga mno, kwa tundu dogo ambalo jicho hulipita bila kulitambua, kisha hukua ndani ya ubao na kuchimba njia kufuata nyuzi. Kwa hiyo ubao unaweza kuonekana mzima kwa nje huku ndani umebaki matundu matupu. Kosa la mkaguzi ni kuridhika na macho. Fundi hugonga kwa kitako cha nyundo na kudunga kwa ncha ya kisu.

Mafundi wa pwani yetu wana dawa ya zamani. Chombo hupandishwa maji ya bamvua yakijaa, kikaachwa juu yakipwa, kisha chini yake hupitishwa moto wa makuti makavu ili kuua wadudu na kukausha uchafu kabla ya kupaka deheni upya. Moto ukikaa mahali pamoja, pamba huungua ndani ya maungio, na kilichokusudiwa kuwa tiba kinageuka kazi mpya ya wiki nzima. Mabaharia wengine walitumia njia rahisi zaidi ya kutia nanga kwenye mlango wa mto, kwa kuwa teredo hastahimili maji baridi yasiyo na chumvi.

6. Teredo alimkwamisha Columbus mwaka mzima

Katika safari yake ya nne, Christopher Columbus alifika Jamaika mwezi Juni 1503 na merikebu mbili zilizotobolewa na wadudu hao hadi pampu zikashindwa. Hakuwa na namna ila kuzipandisha ufukoni, na akakaa hapo mwaka mzima akisubiri kuokolewa.

7. Dawa ya shaba iliyoyeyusha misumari

Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika manowari yake Alarm kwa mabati ya shaba nyekundu chini ya mstari wa maji, likataraji kumkomesha teredo. Ilipokaguliwa baada ya safari ya visiwa vya Karibi, wadudu kweli walikuwa wameshindwa. Lakini misumari ya chuma iliyoshikilia shaba ilikuwa imelika vibaya. Chuma na shaba vikigusana ndani ya maji ya chumvi hutoa mkondo mdogo wa umeme, na chuma ndicho kinachoyeyuka.

Jibu lilikuwa limejificha kwenye kosa jingine. Mahali fulani mafundi walikuwa hawakuondoa vizuri karatasi za kahawia zilizofungia shaba, na misumari iliyokingwa na karatasi hizo ilikutwa salama. Ikajulikana kuwa metali hizo mbili zikitenganishwa, balaa linakwisha. Katika miaka ya 1780 wakaanza kutumia komeo na misumari ya michanganyiko ya shaba badala ya chuma.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy alipendekeza kubandika vipande vya zinki au chuma kwenye shaba ili vilike vyenyewe na shaba ipone. Hesabu yake ilikuwa sahihi, shaba ikapona. Lakini vyombo vikaota majani na konokono wa baharini hadi vikashindwa kwenda, kwa sababu kumbe ni kule kuyeyuka kidogo kwa shaba ndiko kulikokuwa sumu ya viumbe hao. Kanuni ya Davy haikutupwa: vipande vya zinki bado hufungwa kwenye meli za chuma mpaka leo.

8. Kutu hula ubao pia

Msumari wa chuma ukishika kutu huvimba, kwa kuwa kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Pia hulainisha na kuutia weusi ubao unaouzunguka. Kosa la kawaida ni kung'oa msumari mbovu na kupigilia mwingine mnene zaidi katika tundu lilelile, mahali ambapo mti umekwisha kufa. Tundu la zamani lapaswa kutobolewa hadi kufikia mti mzima, likazibwa kwa kigingi cha mbao, na msumari mpya ukapigiliwa pembeni. Wenye uwezo hutumia shaba. Wasio nao hutumia misumari iliyopakwa zinki na kuikagua mara kwa mara.

9. Vyombo vilivyoshonwa havikuwa na kesi ya kutu

Mitepe ya pwani ya Waswahili iliungwa kwa kamba za nyuzi za nazi zilizopitishwa kwenye matundu ya mbao, bila msumari. Katika Ziwa Victoria, mitumbwi mikubwa ya Visiwa vya Ssese nayo iliungwa kwa mbao zilizoshonwa. Chombo cha kushona kilivuja na kilihitaji mtu wa kukumba maji, lakini kikigonga mchanga kilinyumbuka badala ya kuvunjika. Ubao ukiharibika, kamba hukatwa, ubao hutolewa, mwingine hushonwa mahali pake na majirani zake hawadhuriki. Kazi yake kubwa ilikuwa kubadilisha kamba kabla hazijachoka, na nahodha aliyeichelewesha hakuwa na wa kumlaumu.

10. Kulikuwa na kiraka cha karibu miaka 2,800

Mwaka 1886, huko Brigg katika jimbo la Lincolnshire nchini Uingereza, ulifukuliwa mtumbwi wa gogo la mwaloni wenye urefu wa zaidi ya meta 14. Ulikuwa umepasuka enzi za matumizi yake, na wenyewe walishaushonea kiraka cha ubao na kusindika kuvu-mwani wa msituni kwenye kingo ili maji yasipite. Kiraka kile kilidumu ardhini takriban miaka 2,800. Jumba la makumbusho lililouhifadhi mjini Hull liliteketea kwa mabomu mwaka 1943, na mtumbwi ukaungua pamoja nalo.

11. Matundu mengine hutobolewa kwa makusudi

Mchonga mtumbwi wa gogo ana hofu moja kuu: kuchonga ndani hadi tezo itokeze nje. Wachongaji wa Kihaida katika pwani ya magharibi ya Kanada, na wale wa eneo la Soomaa huko Estonia, walipata dawa inayofanana ingawa hawakuwahi kukutana. Hutoboa matundu madogo kutoka nje na kuyatia vijiti vya urefu maalumu. Mchongaji aliye ndani akifikia ncha ya kijiti, anajua unene umetosha na anahamia kwingine. Vijiti hubaki humo humo, na vikilowa hutanuka na kuziba. Baadaye mtumbwi hupashwa moto na kuloweshwa ili mbavu zake zifunguke na upanuke kuliko gogo lililouzaa. Moto ukiwa mwingi upande mmoja, gogo linapasuka na kazi yote inakuwa kuni. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza ufundi huo wa Soomaa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

12. Gundi ilipikwa kulingana na hali ya hewa

Wenyeji wa misitu ya Kanada na kaskazini mwa Marekani waliunda mitumbwi ya magome ya mti wa birchi, wakaishona kwa mizizi na kuziba maungio kwa utomvu wa miti ya jamii ya msonobari uliochanganywa na mafuta ya wanyama, mara nyingine na unga wa mkaa. Siri ilikuwa kwenye mafuta. Yakipungua, gundi hukatika kwenye baridi. Yakizidi, huyeyuka na kutiririka kwenye jua. Msafiri aliyebeba gundi ya majira ya baridi katikati ya kiangazi alitua kila mara kukarabati, ndiyo maana utomvu, mizizi na magome ya akiba havikukosekana katika mzigo wa safari.

13. Mtumbwi wa turubai na adhabu ya faibaglasi

Mwishoni mwa karne ya 19 mafundi wa jimbo la Maine, Marekani, walihifadhi umbo la mtumbwi wa magome lakini wakabadilisha mali. Walikunja mbavu za mwerezi juu ya kalibu yenye mikanda ya chuma, wakapigilia mbao nyembamba za milimita 4 hivi kwa misumari midogo ya shaba ya njano. Ncha ya msumari ikigonga ule mkanda hujikunja na kurudi ndani ya ubavu, ikajifunga yenyewe. Nje huvutwa turubai, likapakwa lipu maalumu ya kuziba vinyweleo vyake, ambayo huhitaji wiki kadhaa kukauka. Anayeharakisha na kupaka rangi mapema huiona ikikunjamana au ikipasuka.

Mitumbwi hiyo sasa hufufuliwa kwa wingi, na makosa yake yanajulikana kwa majina. La kwanza ni kuondoa turubai na kufunika mbao kwa faibaglasi. Mtumbwi hupendeza na hauvuji, lakini unyevu unaoingia kwa ndani hunaswa kati ya ubao na lile ganda, na mwerezi huoza polepole bila mtu kuona. Turubai lilikusudiwa libadilishwe kila baada ya miongo kadhaa. Faibaglasi hung'olewa kwa kupashwa moto na kuvutwa kidogo kidogo, na mara nyingi hutoka na vipande vya mbao. La pili ni mashine ya msasa. Mwerezi ni laini kuliko shaba, hivyo mashine hula ubao na vichwa vya misumari kwa pamoja, na msumari usio na kichwa haushiki kitu. La tatu ni kutoa mbavu zote mbovu kwa siku moja. Mtumbwi usio na mbavu husahau umbo lake. Hutolewa ubavu mmoja mmoja kwa kupishana, mpya ukiingia kabla jirani yake hajaguswa.

Mafundi wanaofufua mitumbwi ya kiwanda cha Old Town, hukohuko Maine, wana bahati ya pekee. Namba hupigwa muhuri kwenye mbao za ncha zote mbili, na kadi za kiwandani zimehifadhiwa. Kwa namba hiyo unaweza kujua mtumbwi ulitengenezwa kwa mbao gani, ulipakwa rangi gani na ulipelekwa wapi. Anayesugua na kufuta namba hiyo amefuta cheti cha kuzaliwa.

14. Samaki mkunje angali mbichi

Methali hii inaufaa ubao vizuri kabisa. Ubavu unaokunjwa kwa mvuke sharti utoke kwenye mti ambao bado una unyevu wake. Mbao zilizokaushwa kwenye tanuri hukatika. Mafundi wengi hukadiria saa moja ya mvuke kwa kila unene wa sentimita 2.5. Ukishatolewa, fundi ana sekunde chache tu za kuukunja kabla haujapoa na kukaidi. Ukichemshwa kupita kiasi, nyuzi hudhoofika na mgongo wa mkunjo huchanika. Wenye hekima huandaa mbavu chache za ziada, maana hata kwa mkono mzuri zipo zitakazovunjika.

15. Kuunga ubao ni hesabu ya mshazari

Ukiunga mbao mbili kichwa kwa kichwa kwa gundi, umejidanganya: nyuzi zilizokatwa hunyonya gundi na kushika kidogo sana. Maungio ya kweli hukatwa mshazari, urefu wa mkato ukiwa mara 8 hadi 12 ya unene wa ubao. Ubao wa sentimita 2 unahitaji mkato wa kati ya sentimita 16 na 24. Kiraka cha juu juu nacho huchongwa kwa umbo la almasi, ncha zikielekea upande wa nyuzi. Kiraka cha mraba hukata nyuzi nyingi kwa mstari mmoja, na hapo hapo ndipo ubao utakapovunjika.

16. Mvua huozesha kuliko bahari

Kuvu inayoozesha ubao huhitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi, na haipendi chumvi. Maji ya bahari yanayobaki chini ya chombo si hatari kama maji ya mvua yaliyotuama chini ya sitaha na kwenye pembe zisizopata hewa. Waunda merikebu wa Marekani katika karne ya 19 walikuwa wakijaza chumvi katikati ya mataruma ili kuzuia uozo. Hata kukifunika chombo kwa plastiki ili kisinyeshewe, bila kuacha upenyo wa hewa, ni kukitengenezea kuvu chumba.

17. Jahazi la Firauni liliunganishwa mara tano

Mwaka 1954, kando ya Piramidi Kuu ya Giza, lilifunguliwa shimo lenye chombo cha mwerezi cha Firauni Khufu, kilichokuwa kimelazwa vipande 1,224 kwa zaidi ya miaka 4,500. Kazi ya kukiunganisha alipewa Ahmed Youssef Moustafa, mtaalamu wa kukarabati vitu vya kale ambaye hakuwa muunda vyombo. Kabla ya kugusa lolote alikwenda kujifunza kwa mafundi wa mashua za mto Nile, akachunguza michoro ya makaburini na kutengeneza mifano midogo. Hata hivyo alikosea. Alikiunga chombo, akakiona hakikai sawa, akakibomoa na kuanza tena, mpaka mara ya tano. Kilichomsaidia ni alama ambazo waundaji walikuwa wameziandika kwenye mbao kuonyesha kila kipande ni cha omo, cha tezi, cha kulia au cha kushoto. Kwa vile mbao zilifungwa kwa kamba, aliweza kukosea mara zote hizo bila kuharibu hata ubao mmoja. Chombo hicho chenye urefu wa meta 43 hivi kilihamishiwa Jumba Kuu la Makumbusho la Misri mwezi Agosti 2021.

18. Dawa iliyogeuka tindikali

Mwaka 1904 huko Norway ilifukuliwa merikebu ya Waviking ya Oseberg pamoja na vitu vingi vya mbao. Ubao uliolowa karne nyingi ukiachwa ukauke hujikunyata na kupasuka, hivyo wataalamu wa wakati ule walichemsha baadhi ya vitu hivyo katika maji ya shabu ili vigande. Viliganda vizuri na dunia ikasifu. Baada ya miongo kadhaa ikabainika kuwa shabu ilipochemshwa ilitoa tindikali kali, nayo imekuwa ikila mbao kutoka ndani muda wote huo. Baadhi ya vitu vimebaki ganda jembamba, na kuvinusuru ni kazi inayoendelea.

19. Vasa, au somo la komeo

Merikebu ya kivita ya Sweden, Vasa, ilizama tarehe 10 Agosti 1628 baada ya kwenda meta 1,300 tu. Miongoni mwa vifaa vilivyopatikana ndani yake ni rula nne za mafundi: baadhi zilifuata futi ya Sweden yenye inchi 12, nyingine futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Si ajabu kuwa ubavu mmoja wa merikebu hiyo haulingani na mwingine.

Ilidumu chini kwa sababu Bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo mno kwa teredo kuishi. Iliibuliwa tarehe 24 Aprili 1961, ikanyunyiziwa kemikali ya polietilini glaikoli kwa miaka 17 ili mbao zisijikunyate. Ili isimame, ilifungwa kwa komeo za chuma zaidi ya 5,000. Baada ya kiangazi chenye mvua nyingi cha mwaka 2000, chumvi za tindikali zilionekana kwenye mbao. Salfa iliyotoka kwenye maji machafu ya bandari ilikuwa imekutana na kutu, na kutu ikachochea tindikali. Kati ya 2011 na 2018 komeo zote zikabadilishwa, zikawekwa za chuma kisichoshika kutu. Tangu hapo hali ya hewa ya jumba hilo inachungwa kwa uangalifu mkubwa.

20. Kuna meli yenye msitu wake

Manowari ya Marekani USS Constitution ilishushwa majini mwaka 1797 na bado inaelea Boston. Mbao zake za asili zilizobaki zinakadiriwa kuwa asilimia 10 hadi 15. Ili mafundi wasikose mali, jeshi la majini limetenga miti ya mwaloni katika kituo chake cha Crane, jimbo la Indiana.

Neno kwa mwenye mtumbwi

Ukiwa na chombo kikuukuu, usianze na gundi. Kiloweshe kwanza, kigonge, kidunge, kisha mwite mtu aliyewahi kuunda kimoja kwa mikono yake. Andika mahali ulipobadilisha ubao na ulichotumia, maana atakayekuja baada yako hataweza kukuuliza. Kati ya dawa mbili chagua ile inayoweza kuondolewa. Kiraka kizuri ni kile ambacho fundi ajaye ataweza kukibandua bila kuudhuru ubao.